Mteja Asiye Ndugu

Perez Aloo alikuwa na vitu viwili vya kuanzia biashara: ujuzi wa kutengeneza tovuti, alioupata chuoni Maseno na kuunoa kwa kuwafanyia kazi watu wenye maneno matamu na mifuko mitupu, na shilingi elfu ishirini za matangazo. Kitu cha tatu, subira, hakuwa nacho, wala hakudhani kingehitajika.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi, ingawa mama yake, Awuor, ilibidi aelezwe mara kadhaa. Kuna duka la mtandaoni linalouza taa za sola za kuvulia omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, zile zinazoelea majini na kuwavuta samaki gizani. Perez anaeleza kwenye tovuti yake taa ipi inadumu na ipi ni ya kutupa. Msomaji akibonyeza kiungo chake na kununua, duka linampa Perez kamisheni.

"Kwa hivyo wewe ni broka," mama alisema.

"Broka wa mtandaoni, Mama."

"Broka ni broka."

Taabu ilikuwa Baba mdogo Fabian. Alikuwa amemtafutia Perez kazi ya ofisini Nairobi, aanze tarehe mosi, na Perez hakuitaka hata kidogo. Alitaka kubaki Kisumu, katika chumba chake mtaani Nyalenda, na kitu alichokijenga mwenyewe. Mama, ambaye neno lake ndilo la mwisho nyumbani kwao, akatoa sharti.

"Pata mteja mmoja kabla ya hiyo tarehe, ukae. Lakini asikuwe mtu wetu. Mtu wetu atanunua juu ya huruma, halafu utakuja kulia kwangu."

Utasema sharti ni dogo. Basi huujui ukoo huo, uliotapakaa kutoka Kendu Bay hadi Usenge na bado unaoa. Kesho yake tu shangazi Caren, fundi wa kushona sare za shule ambaye hajawahi kukanyaga mashua, alipiga simu akitaka taa mbili. Perez alimshukuru sana, akamkataza.

Tovuti ikakamilika. Ilifunguka upesi hata kwenye simu ya bei ya chini, na Perez aliitazama kama mtu anavyotazama nguo yake mpya ya Krismasi. Akawasha matangazo yawafikie wavuvi wa ufuo mzima, akakaa kungoja. Matangazo yalionekana, pesa zikatafunwa, na hakuna aliyebonyeza. Akabadili picha. Akabadili rangi. Akaandika kichwa kipya, na baada yake kingine. Nusu ya bajeti ilipokwisha, moyo wake ulikufa ganzi. Alijiona tayari amebeba begi.

Jumamosi asubuhi alikwenda ufuoni Dunga kumsaidia mama kuanika omena. Hapakuwa na cha kuanika. Nyavu za kuanikia zilikuwa zimekunjwa, mashua zimevutwa nchi kavu, na wavuvi wachache waliobaki walikuwa wakishona nyavu bila haraka. Wengine walikuwa wamekwenda makwao kuona wake zao.

Perez alifungua kinywa kuuliza kulikoni, akakifunga. Mwezi ulikuwa mpevu. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, omena hutawanyika, taa haina kazi, na mvuvi hupumzika hadi giza lirudi. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Hata karo yake ya shule ilifuata giza na mbalamwezi. Na yeye, binti wa muuza omena, amejifungia ndani na pazia lake na kompyuta yake, akiwauzia watu taa katika wiki ambayo hakuna anayewaza taa. Alicheka hadi mama akaweka ndoo chini.

"Nyathina, mwanangu, ni nini?"

"Ni mimi, Mama. Ni ujinga wangu tu."

Alirudi Nyalenda mbio. Aliandika programu ndogo inayosoma kalenda ya mwezi, ikazima matangazo papo hapo, akaipangia iyawashe tena wavuvi wanapoanza kujiandaa kurudi majini. Vidole vilikimbia vyenyewe. Alifurahi hata chai ikachemka, ikafurika, ikazima jiko, naye hana habari. Kwa bahati, giza lingefika kabla ya tarehe mosi.

Matangazo yakawaka yenyewe, kama alivyoyaagiza. Siku iliyofuata alikuwa Dunga, amepiga magoti kando ya mama, wakisambaza omena wabichi wa mashua za kwanza kurudi majini juu ya nyavu. Simu ikalia mfukoni. Watu walikuwa wanabonyeza, mmoja baada ya mwingine, hata hakuweza tena kuiweka chini. Kisha ikaja ile taarifa aliyoiota: taa nne zimenunuliwa na kulipiwa. Duka halikuonyesha jina la mnunuzi, ila mahali atakapochukulia mzigo wake.

"Port Victoria," Perez alisoma. "Mama, ni Port Victoria."

Mama alifuta mikono kwenye leso, akafumba macho, akaanza kuupekua ukoo.

"Yule msichana wa Nakhungu aliolewa... hapana, huyo yuko mji wa Sio Port, na bwana yake ni fundi wa baiskeli." Akahesabu wengine kwa vidole. "Hatuna mtu huko."

Akanyoosha mkono kuomba simu, akapiga Nairobi.

"Baba Sydney," alimwambia Fabian, "hiyo kazi mpatie mtu mwingine. Huyu mtoto ako na wateja."

"Mteja mmoja, Mama," Perez alinong'ona.

"Nyamaza," mama alisema. "Naongea."