Firigisi ya Baba Mkwe

Zuwena alizipata habari kabla mgeni hajafika. Baba mkwe wake, mzee Awadhi, alikuwa anakuja Tabora kutoka Usoke na neno moja tu: mkwewe aache shule ya jioni, alee mtoto. Na neno la mzee Awadhi, Nurdini, mume wa Zuwena, hakuwahi kulivuka.

Jogoo wa mgeni akachinjwa mchana. Sasa, mwalimu Veneranda wa shule ya jioni alikuwa ameomba kwamba atakayepika kuku wiki ile amlete kwanza darasani, wampasue, kisha arudi naye jikoni. Zuwena akamfunika jogoo kwenye beseni, mtoto mgongoni, huyoo.

Meza ikasuguliwa, kisu kikanolewa. Gole hili hapa, kile kifuko cha shingoni, bado limejaa mahindi. Mapafu yale, yamejibana mbavuni kama mtoto aliyelala kwa mama yake. Na korodani za jogoo, kumbe zimefichwa ndani, chini ya mgongo!

"Ndiyo maana anapiga kelele vile," akasema Flavia, muuza mitumba. "Hana cha kuonyesha!"

Darasa likaangua kicheko. Kisha ikaja firigisi. Zuwena aliipasua kwa mkono wake, akakuta changarawe na kipande cha kigae. Wakaikata vipande vyembamba, kila mtu abonyeze msuli ule mgumu. Ilipokwisha kuzunguka mikono yote ndipo Zuwena akakumbuka. Firigisi ni ya baba mkwe. Kumwandalia kuku asiye na firigisi ni kumwambia hatakiwi.

Wakati wa chakula, mzee alizungusha kijiko bakulini. Akazungusha tena.

"Nurdini, jogoo wenu hakuwa na firigisi?"

"Paka, baba," Nurdini akawahi.

"Siyo paka," akasema Zuwena, amepiga magoti mkekani. "Ni mimi, baba. Nimeipeleka shule. Tumeikata tuone ndani."

Mzee akakisimamisha kijiko.

"Mkaona nini?"

"Mawe, baba. Kuku hana meno. Anameza changarawe, halafu firigisi inasaga chakula nazo, kama jiwe la kusagia."

"Hana meno," mzee akarudia. Akafungua kinywa, ufizi mtupu. "Kama mimi! Tangu yang'oke, firigisi naimeza nzima, machozi yananitoka, kwa kuwa ni heshima. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nurdini akacheka mpaka akapaliwa.

"Wewe usicheke. Haki yangu imeliwa na shule. Mkeo akiiacha leo, firigisi yangu itakuwa imepotea bure. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Mzee akachota ini, akalikanda taratibu kwa ufizi, uso umemkunjuka.

"Haya, mwanangu. Na hili nalo, kazi yake nini?"

Zuwena akampakata mtoto vizuri, akasogea, akaanza kueleza.