Toleo Jipya kwenye Mashine ya Sikio

Fundi alipanda ngazi za hospitali amekumbatia skrini kama mtu anayerudisha mtoto mtukutu kwa wazazi wake. Jumamosi, siku ambayo wenye akili zao wanafua nguo, yeye amekuja kupandisha toleo jipya la mfumo kwenye kompyuta ya shemeji yake, na hakuna aliyemwajiri. Mafundi wa hospitali walishaikana mashine ile: hiyo ya mfumo huria, wa bure, si yetu, mwenye nayo aihangaikie.

Shemeji mwenyewe, mume wa dada yake, alikuwa mpokea simu, na jengo zima lilimwita Sikio. Hakuwa akiona tangu utotoni. Mashine ilimsomea kwa sauti majina ya madaktari wa zamu na namba za wodi, naye akakuunganisha kabla hujamaliza kueleza shida yako. Mezani pake hapakuwa na skrini. Mahali pake alikuwa ameweka chupa ya chai.

"Shemeji, unahema kama pampu ya baiskeli."

"Ungebeba wewe hili jiwe tukusikie."

"Dada yako kanionya. Kasema huyu akija na hasira zake, mpe chai kwanza."

"Mimina. Nitainywa na hasira zangu."

Hasira zenyewe zilikuwa za miaka. Zamani hospitali ilinunua mfumo wa kuendeshea kompyuta, ule wa kulipia leseni, lakini programu ya kuwasomea wasioona, wakasema, haimo kwenye bajeti. Zulia la ofisi ya mkuu wa utawala lilikuwamo. Palikuwa na mpokea simu mwingine asiyeona, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza. Mkuu alimwambia akasubiri nyumbani, "tutaangalia." Mpaka leo wanaangalia. Ndipo Fundi, aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuzilaani, akamwekea Sikio mfumo wa bure uliotengenezwa na watu asiowajua, wasiodai hata ahsante. Mfumo ukaongea. Sasa toleo lile lilikuwa limefika mwisho wa kuhudumiwa, halirekebishwi tena na waliolitengeneza, na amri ya hospitali ilishatoka: mashine yenye toleo la zamani itakatwa kwenye mtandao Jumatatu asubuhi. Sikio bila mashine hana kazi.

Mrithi wake alishaandaliwa hata kiti. Kipya, bado na nailoni yake, kimeegeshwa ukutani.

"Cha nani hiki?"

"Cha binti wa mapokezi. Mkuu kasema ni tahadhari tu."

"Tahadhari yenye magurudumu!"

Simu zilikuwa zimehamishiwa mapokezi kwa muda. Fundi alinakili mafaili ya Sikio pembeni, akachomeka skrini, akaiamuru mashine ipande toleo. Vifurushi vya programu vikaanza kushuka kutoka mtandaoni kwa mwendo wa foleni ya dirisha la dawa. Mashine ikauliza kama ibaki na mipangilio ya zamani. Ibaki. Ikauliza tena. Ibaki! Ilichosha kama kujibu maswali ya afisa ambaye ameshaamua kukukatalia. Mwishowe ikajizima, ikajiwasha, na kwenye skrini kila kitu kilikaa sawa, pamoja na rangi mpya ambazo hakuna aliyeziomba.

Sikio alikuwa ameziinamia spika zake mbili ndogo, akingoja salamu ya mashine. Kimya.

"Imeamka?"

"Imeamka."

"Mbona imeninunia?"

Fundi akakagua. Programu ya kusoma ilikuwa inafanya kazi. Sauti ilikuwa imefunguliwa, na kijimstari chake kilichezacheza pale kana kwamba kinamcheka. Akazima, akawasha. Akabadilisha hiki, akarudisha kile. Macho yakaanza kumwasha, na chai ikapoa bila kuguswa.

Mkuu wa utawala akachungulia mlangoni. "Vipi, imegoma? Msijichoshe. Tutampangia kazi nyingine."

"Kazi gani?" Fundi aliuliza.

"Tutaangalia."

Fundi alitaka kumtajia yule mama, amwambie na zulia linakumbukwa. Lakini mwili ulikuwa umechoka hata kwa kugombana, akarudi kubonyezabonyeza mashine.

"Shemeji, acha kuifinya," Sikio alisema taratibu. "Mezani kwangu kuna nini kipya?"

"Toleo."

"Kingine."

Mkono wake ukapapasa, ukapita spika, ukapita chupa, ukagonga mgongo wa skrini. "Na hili lidude? Linaongea?"

"Lina mdomo gani? Halina hata spika..." Fundi akajikatiza. Kebo ile inayopeleka picha hupeleka na sauti. Toleo la zamani halikuwa na habari na skrini. Hili jipya limekuta mgeni mezani likamkabidhi sauti yote. Muda wote huo mashine ilikuwa inaongea, ikiongea ndani ya kitu bubu alichokibeba yeye mwenyewe. "Jamani! Mimi na macho yangu!"

"Ndiyo maana mimi siyaamini," alisema Sikio, akaichomoa kebo.

Sauti ikarukia kwenye spika katikati ya sentensi, ya puani kuliko ile ya zamani, ikimtaja daktari wa zamu wa wodi ya watoto.

"Ina mafua," Sikio alisema. Vidole vyake vilishaanza kutembea juu ya vibonye. "Basi. Tutazoeana."

"Kumbe inafanya kazi," alisema mkuu, bado yuko mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Akashika kile kiti kipya akisukume nje.

"Acha kiti, mkuu." Fundi alijitupa juu yake na nailoni yake, miguu ikimwuma. "Toleo jingine litakuja tu, na mimi humu sina pa kukaa."

Sikio alishawaambia mapokezi wamrudishie simu zake. Ya kwanza ikaita.