Nyota ya Haroub

Umewahi kumpikia mtu mmoja, akashiba mwingine? Nunu alipika hivyo mwaka mzima, kule Chanika, lami inapoishia.

Nyota ilikuja Jumanne, Nunu akichambua mchele. Ilikuwa ndogo kama punje ya kunde, ila ilipogusa kigoda, kigoda kilizama chote ardhini, na mpaka leo hakijachimbuliwa. Ikainuka, ikaanza kumzunguka mumewe, Haroub, aliyekuwa akipima sukari dukani. Haroub akasogeza mzani, isije ikaugonga.

Sesilia, mpiga eksirei wa kituo cha afya cha jirani, alikuja kununua sabuni, akaitambua.

"Nyota ya nyutroni hiyo, shemeji. Nyota kubwa ikifa hubaki hivyo. Humnyonya mwenzake, na kadiri inavyonyonya ndivyo inavyowaka."

Kisha, kwa mwanga wa nyota hiyo, akaona mbavu zake mwenyewe kwenye shuka la Nunu lililoanikwa, pamoja na ule ubavu uliovunjika utotoni.

Kesho yake akaleta wagonjwa. Mashine ya kituoni ilikuwa bado ndani ya sanduku tangu iletwe, ikingoja sahihi. Wauguzi walilitandikia kitambaa sanduku hilo, wakanywea chai juu yake.

Haroub akila wali, nyota iliwaka, mifupa ikaonekana hadi nyufa. Akiwa na njaa, ilififia. Ikipita nyuma yake, picha ilikatika, mgonjwa akangoja dakika mbili. Baadaye ikawa dakika moja tu, maana Haroub wa kilo mia na kumi alikuwa amebaki hamsini na nane.

"Afadhali," watu walisema. "Siku hizi hazibi sana."

Nunu alikuwa ameipunguza kanzu ya mumewe mara nne. Kilichobaki kingefika Idi? Akatunga uzi sindanoni.

Wagonjwa walikuja na sahani zao za chakula.

"Kula, mzee wangu, goti langu bado halijaonekana," alisema Albano, mchonga vinyago.

"Mchicha huo ni wa kidole tu," Nunu akamjibu. "Goti linataka nyama, baba."

Haroub alikula. Hakuwahi kumkatalia mteja.

Ramadhani ikaingia. Mganga mfawidhi, Dokta Kornelio, akaja na barua yenye mhuri: Haroub anaombwa ale mchana, kwa manufaa ya umma. Nunu akauliza habari za lile sanduku.

"Bi Nunu, sahihi iko njiani."

Haroub akatikisa kichwa. Dokta, ambaye hakuwa mtu mbaya, akafikiri kidogo, akaandika kwa chaki mlangoni: PICHA BAADA YA FUTARI. Foleni ikahamishia mabenchi kivulini, wala hakununa mtu.

Adhana ya magharibi ikasikika. Nunu akatenga magimbi ya nazi, uji na tende. Watu ishirini na watatu wakajipanga, vifungo vimefunguliwa, suruali zimekunjwa, macho yote mkononi mwa Haroub. Nyota ikashuka hadi karibu na bega lake.

Haroub akaokota tende, akaitazama, akairudisha sahanini.

"Nataka moja," akasema. "Moja tu, niile kwa njaa yangu mwenyewe."