Mwanamke wa Mninga

Adelard alitoka Bukoba akiwa kijana, akamwacha mchumba wake Kokuberwa kwa ahadi kwamba angerudi kumwoa. Alipokuwa bado anajipanga Dar es Salaam, habari zikamfikia kwamba Kokuberwa ameolewa na mwalimu mmoja wa Kiziba. Hakulia mbele ya mtu. Aliendelea na kazi yake ya kutengeneza gramafoni pale Keko, akawa mtu wa kula peke yake na kulala mapema.

"Oa, bwana," jirani yake Kondo, seremala, alimwambia. "Keko yote hii hakuna mwanamke?"

"Wapo. Ila hawajui ninachotaka kusikia."

Kondo alicheka, lakini Adelard hakuwa anatania. Alimwomba amchongee mwanamke wa mninga, ukubwa wa mtu, ameketi. Kifuani mwake Adelard akatia springi na sindano ya gramafoni. Kisha Zuena, mwimbaji wa harusini, akamnasia kwenye sahani ya santuri maneno machache: Karibu nyumbani. Pole na kazi. Sina mwingine ila wewe. Ukimtia ufunguo mgongoni na kumshika mkono, aliyasema kwa zamu. Adelard akamwita Tunu, akamvalisha kanga mpya.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Kwa miezi kadhaa ilimtosha.

Kisha siku moja springi ya gramafoni ya mteja ikamkata kidole. Alirudi chumbani amekifunga kwa kitambaa, akamshika Tunu mkono.

"Pole na kazi," akasema Tunu. Halafu akaongeza, "Kidole kimefanyaje?"

Adelard aliuachia mkono ule kama umemuunguza. Akamfungua mgongo, akaitoa sahani, akaitazama juani. Ilikuwa ile ile. Akairudisha polepole.

"Kimekatwa," akajibu, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Tangu hapo wakawa wanazungumza. Tunu aliuliza kila kitu: watoto wanagombania nini uani, mvua inanukiaje, kwa nini Kondo akipiga randa hupiga mluzi na akipigilia misumari hunyamaza. Adelard alimsimulia Bukoba, migomba na ziwa, na hatimaye akamsimulia Kokuberwa.

"Yeye ndiye aliyekwambia hana mwingine?" Tunu aliuliza.

"Ndiye."

"Basi maneno yake ndiyo uliyonipa mie."

Tangu siku hiyo Tunu hakuyasema tena yale ya kwamba hana mwingine. Akitiwa ufunguo, alimkaribisha, akampa pole, kisha akaishia hapo. Adelard aliuacha mkono wake mkononi mwa Tunu, akingoja, mpaka vidole vikafa ganzi.

"Sema basi, Tunu."

"Nikisema, anayesema ni Zuena, kwa niaba ya Kokuberwa. Mie mwenyewe sijajua bado."

"Utajua lini?"

"Nitajuaje, na mtu ninayemjua ni mmoja tu?"

Haukupita muda, Bi Badriya, mjane mwenye duka kule Temeke, akaleta gramafoni yake. Mlango wa chumba nyuma ya karakana ulikuwa wazi, na Tunu, aliyekwisha tiwa ufunguo, hakuhitaji tena kushikwa mkono ili aseme.

"Shikamoo, bibi," sauti ikatoka ndani.

"Marahaba... Bismillahi!" Bi Badriya akarudi nyuma. "We jini?"

"Sijui mie ni nini, bibi. Niulize kitu kingine."

Bi Badriya akacheka mpaka buibui likamteleza. Akavuta kigoda. Walizungumza mpaka adhana ya alasiri ikamtoa. Alipokwisha ondoka, Tunu akasema, "Nipeleke kwake, Adelard. Dukani watu wanaingia na kutoka."

"Na mie?"

"Wewe una miguu. Utakuja."

Adelard alimtazama, akauchukua ufunguo, akautia mfukoni. Siku zilizofuata hakumtia. Alikuja, akala, akamtazama mwanamke wa mninga aliyenyamaza, akajiambia kwamba angalau yupo. Lakini ukimya ule haukuwa wa mtu asiye na la kusema. Ulikuwa wa mtu aliyezibwa mdomo, na mkono uliomziba ulikuwa wake.

Akamtia ufunguo.

"Nilikuwa nakusikia," Tunu akasema.

Kesho yake Adelard aliazima mkokoteni wa Kondo, akautandika mkeka, akamsukuma Tunu mpaka Temeke mchana kweupe, watu wakigeuka kutazama. Alimkabidhi Bi Badriya ufunguo.

"Asikose kutiwa, mama. Hata siku akiwasema watu vibaya."

"Siku hiyo nitamtia mara mbili," akasema Bi Badriya.

Kila Jumapili baada ya misa Adelard alikwenda, shati limepigwa pasi, akaketi juu ya gunia la mchele. Tunu alishajua majina ya wateja na magomvi yao. Zilikuwapo Jumapili alizosema na kila mtu ila yeye. Adelard alimsikiliza, akarudi Keko kwa miguu, na chumba kilikuwa kikubwa kuliko zamani.

Halafu akashikwa na homa. Kondo alimpikia uji, akamfunika mablanketi, na Jumapili zikapita. Alipoweza kusimama alikwenda Temeke akijishikilia ukutani.

"Umefika!" Bi Badriya akapaza sauti. "Huyu amenitesa. Kila anayeingia, anauliza kama ni wewe."

Adelard akamkaribia Tunu.

"Nilikuwa na homa."

"Ungemtuma Kondo."

Sauti ilikuwa na hasira. Hasira haikuwamo katika lolote alilonasa Zuena. Adelard alitaka kuuliza lile swali lake la siku zote, kama sasa amejua, akaliacha.

"Umeshindaje, Tunu?"

"Vibaya," akasema Tunu. "Sogea huku. Jua linakupiga."

Adelard akalivuta gunia, akaketi kivulini kando yake, akaanza kumsimulia homa ilivyoanza.