Andika Tisa

Dirisha la kituo cha tiba ya uraibu lilifunguliwa saa mbili asubuhi, na kufikia saa hiyo Kola alikuwa ameshatapika mara mbili kwenye mfereji wa nje ya ukuta. Hakuwa na cha kutapika. Machozi yalimtoka bila kulia, miayo ilimvuta taya mpaka sikio likauma, na mikono ilikuwa imejaa vipele vya baridi ingawa jua lilishaanza kuchoma. Dada yake alimshika kiunoni kwa nguvu.

"Simama vizuri," dada alisema. "Wasije wakakuona hivi."

"Si ndicho kilichotuleta, dada? Waone."

Jina la Kola alipewa na wenzake wa kiwanda cha nguo. Kwa miaka kumi na mmoja alishona kola tu. Hakuwahi kugusa mkono wala mfuko. Mashati yalimfikia bila shingo, yakaondoka na shingo. Kazi ilipobana, msimamizi alipita katikati ya cherehani na kopo la vidonge, akamdondoshea kila fundi viwili mezani. "Vya mgongo," alisema, na kweli mgongo ulinyamaza. Baadaye mgongo ulizoea, ukataka vitatu. Siku Kola alipoomba vinne, msimamizi yuleyule alimfukuza mbele ya watu, kopo likiwa bado mkononi, akasema kiwanda chake hakiajiri walevi.

Alisubiri miezi mitano kupata nafasi kituoni. Dawa yenyewe ilikuwa ya maji, ilinywewa palepale dirishani kwa kikombe cha plastiki, na ilimrudishia mtu mwili wake kwa siku moja. Bila hiyo hakuna alichoweza: kula, kulala, wala kuvumilia sauti ya mtu.

Aliyemfundisha namna ya kujibu maswali ya dirishani ni Profesa, mgonjwa mwenzake. Zamani aliendesha tingatinga, na hilo jina alipewa kwa sababu alishapita kituoni hapo mara mbili na masharti yote alikuwa nayo kichwani.

"Karani atakuuliza, hamu ngapi leo," alimwambia siku ya kwanza. "Hamu ya vidonge, sifuri mpaka kumi. Wiki hii sema nane. Wiki ya pili, sita. Ya tatu, nne. Usiteremke kwa pupa, watajua unawadanganya."

"Na ikiwa ni tisa?"

"Ni tisa kwa kila mtu, dada yangu. Mimi mwenyewe ninayo kumi na moja. Kuna aliyekuuliza ukweli?"

Foleni nzima ilicheka. Kola naye alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mpaka Profesa alipomweleza yaliyobaki. Asiyeshuka aliandikwa *hana nia*, na nafasi yake ikapewa mwingine. Aliyeshuka, kikombe kilishuka pamoja naye. Kwa hiyo ukisema kweli unatolewa, ukidanganya unapunjwa dawa, na kila mmoja kwenye foleni alishachagua kupunjwa.

Kola akatii. Alisema nane, kisha wiki ya pili akasema sita, na dawa ikafunika kitako cha kikombe tu. Mchana wa siku hiyo alikuwa amekaa chumbani kwa dada yake, jirani nje akaminya chupa tupu ya plastiki. Tak. Mate yakamjaa mdomoni. Vidonge alivyonunua baada ya kufukuzwa vilitoa mlio huohuo vilipochomolewa kwenye karatasi yake. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikaanza kutafuta kitu kwenye shuka, na akili yake, ambayo asubuhi ilikuwa upande wake, ikaanza kumhesabia hatua za kufika uchochoro wa nyuma ya kituo ambako vidonge viliuzwa.

"Dada, nifungie," alisema.

"Nini?"

"Nifungie mlango. Ondoka na ufunguo. Nikikutukana, usinisikilize."

Dada alimfungia, akakaa chini upande wa pili, mgongo umeegemea mlango. Alitukanwa mpaka alasiri. Kola alimwita majina ambayo hata msimamizi hakuwahi kuitwa. Mlango ulipofunguliwa wote wawili walikuwa wamelowa jasho, na hakuna aliyelitaja jambo lile tena.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Profesa hakuwepo kwenye foleni.

Ijumaa alikuwa amesema "moja." Wauguzi walimpigia makofi, kisha wakampa dawa isiyojaa kijiko. Jumamosi asubuhi alikutwa kwenye benchi la stendi, kofia imemfunika macho, na watu walipita wakidhani amelala. Vidonge alivyovifuata uchochoroni vilikuwa vingi kuliko mwili wake ulivyokumbuka kuvibeba. Habari hiyo ilipita foleni nzima kwa kunong'onezana. Kola alipofika dirishani aliona kadi ya Profesa juu ya meza, na chini ya jina Karani ameandika kwa mwandiko mzuri: *Amehitimu. Hamu: 1.*

Kola aliisoma mara mbili. Hasira ilimpanda, na kwa muda mfupi ilikuwa kubwa kuliko hata ile hamu.

Siku hiyo wafadhili walikuwa wanakuja. Viti vilipangwa ukumbini, na Daktari mkuu, ambaye kwa kawaida hakuonekana kabla ya saa nne, alisimama nyuma ya Karani amevaa koti jipya.

"Hamu ngapi leo?" Karani aliuliza. Kikombe kilikuwa kimeshawekwa dirishani.

"Tisa."

Karani alitabasamu, macho yakamkimbilia Daktari. "Dada, wiki iliyopita ulikuwa sita. Leo tunatarajia nne."

"Mnatarajia ninyi. Mimi ninayo tisa. Andika tisa."

"Nisaidie nikusaidie," Karani alisema kwa sauti ya chini. "Taja nne, unywe, upite. Watu wanasubiri."

"Profesa mlimsaidia?"

Daktari alisogea mbele. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu asiyezoea kukatizwa. "Mama, hapa hatumlazimishi mtu. Ila hamu isiposhuka kufikia wiki ya tatu, maana yake mhusika hajaamua kuacha. Ni suala la nia."

"Nia ninayo, Daktari. Leo nimetoka nyumbani kwa miguu, natapika njia nzima. Nimepita hapo nyuma wanapouza, wameniita kwa jina, sikugeuka. Hiyo ndiyo tisa. Ingekuwa mbili ningekuja napiga mluzi."

Nyuma yake mtu aliguna. Kisha mama mmoja mzee, ambaye siku zote alijibu kwa kutikisa kichwa, akasema, "Mimi nane." Sauti nyingine ikafuata: "Mimi kumi." Mwanamume mwenye bandeji mguuni akapaza sauti kwamba kwake hesabu ilishapotea. Kwa dakika moja foleni ilikuwa na kelele za soko.

Daktari hakupaza sauti. "Anayesema namba yake, aje aiseme hapa, tumwandikie fomu ya kuondoka."

Kelele zikaisha.

Fomu ya Kola ililetwa. Ilikuwa imeshachapwa: *Ninajitoa kwa hiari yangu.* Palibaki nafasi ya sahihi.

"Mdogo wangu," dada alisema. "Sema nne. Nakuomba. Mimi siwezi kukaa tena kwenye ule mlango."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Kola alikitazama kikombe. Aliitaka ile dawa. Harufu yake ilimfikia, tamu na chungu, na ulimi ukajisogeza wenyewe. Neno moja tu. Alifungua mdomo, na hata yeye hakujua litatoka lipi.

"Tisa."

Karani aliirudisha dawa chupani, polepole, asimwage. Kola hakutia sahihi. Karani alimtilia.

Mama mzee akafuata dirishani. Hakumtazama Kola. "Nne," alisema. Baada yake mwenye bandeji: "Nne." Aliyefuata akasema tatu.

Kola alikwenda kukaa kwenye ngazi za mlango mkubwa, anatetemeka, meno yakigongana. Dada alisimama kando yake, hajui amshike wapi. Mlinzi alikuja akiburuta mpira wa maji.

"Mama, pisha. Nimeambiwa nioshe ngazi, wageni wako getini."

"Osha."

"Nitakulowesha."

"Si umeambiwa uoshe? Osha."

Mlinzi alifungua maji. Kola alikanyaga chini kwa miguu yote miwili, hakusogea. Gari liliingia, wageni wakashuka, wakapanda ngazi kwa tahadhari, wameinua nguo zao. Wa kwanza, mwanamke mwenye viatu vyeupe, alisimama mbele yake.

"Huyu ni mmoja wa wagonjwa wenu?" alimuuliza Daktari.

"Hapana," Daktari alisema, akimshika kiwiko ampitishe. "Wetu wako ndani."

"Mimi ni mmoja wao!" Kola alipiga kelele. "Waulize ninayo ngapi!"

Mlango wa kioo ukajifunga wenyewe. Mlinzi, ambaye hakuna aliyemwambia aache, aliendelea kuosha ngazi ileile, na maji yakazidi kumpitia Kola miguuni.