Nyungu ya Katsuva

Mwaka wa 1984 miguu ya bwana yangu Katsuva ilianza kuvimba, na mukojo yake ikawa na povu. Ugonjwa ya sukari tulikuwa tumeizoea, lakini muuguzi Anselme alimuambia wazi: "Albumine iko mingi mu mukojo. Mafigo inaanza kuchoka. Ukichezacheza, utakufa." Niliogopa sana.

Mwezi ule munganga mumoja Muchina alipitia Bunia. Akatupa mafurushi ya mizizi: tuchemshe mu nyungu ya udongo, hapana mu sufuria, kopo tatu kila siku. Sindano ya sukari asiache. Pombe, mwisho. Kiisha miezi mbili Muchina atarudi, Katsuva apimwe tena.

Nyungu ya udongo tulikuwa nayo moja tu, ile ya kasiksi, pombe ya ndizi. Na kwetu, nyungu ikiwekwa mbele ya wageni, mutu hanywi peke yake. Jioni rafiki zake walifika kama kawaida, Xavier dereva na Sébastien fundi wa nguo. Wakavuta viti, kopo ikaanza kuzunguka. Dawa ya bwana yangu! Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya nane nikalipuka.

"Munamumalizia dawa! Muende mukanywe kwa bibi zenu!"

Wakaweka kopo chini, wakaenda. Kesho yake Katsuva alikataa kunywa, na kesho kutwa pia. Siku ya tatu nikamukuta kwa jirani Véronique, kopo ya kasiksi mu mukono. Nililia pale pale mbele ya watu, haya yote ikaniisha.

Kunyenyekea, mimi sijui. Lakini nilivaa kitenge ya misa, nikaenda kwa Xavier. "Shemeji, murudi. Nimekosa."

"Tutarudi," akasema, "lakini mwenye nyungu anaonja wa kwanza. Weye haukuonja hata siku moja."

Jioni nikajaza kopo, nikameza. Mama yangu weee! Machozi ikatoka, ulimi ikakufa na uchungu, nikakimbilia maji. Sébastien akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Kahindo, ulifikiri nani anaweza kumeza kitu kama hii? Siye tunalowesha midomo tu. Yeye ndiye anamaliza. Bila siye, angerudia kasiksi siku ya kwanza."

Nikamutazama Katsuva. Aliangalia chini, anacheka kidogo kidogo, muongo huyu! Nilimupenda siku ile kuliko siku ya ndoa.

Miezi mbili ikaisha, Muchina akarudi. Anselme akapima, akapima tena. Albumine ilikuwa imeshuka sana, na miguu iliingia mu viatu. "Sasa ni mizizi, ao ni kuacha kasiksi?" Anselme akamuuliza Muchina. Muchina akacheka tu, akatupa mafurushi ingine.

Jioni ile nilichemsha, nikavuta kiti ya ine, yangu. Kopo ikazunguka, ikafika kwangu. Nikalowesha midomo, nikasema, "Iko tamu!" nikamupa bwana yangu amalize.