Ufukwe wa Jaladani

Jalada lilichapwa kwanza. Hilo ndilo lililomkera Kidomo kuliko yote, na yaliyomkera wiki ile hayakuwa machache.

Kwa wiki kumi na moja alikizunguka kisiwa kizima, daftari mkononi na kipimajoto mfukoni, akitafuta fukwe kumi bora za kuwekwa kwenye kitabu kidogo cha wageni. Fukwe zenyewe ni thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliouandika kwa kusikia. Alipima joto la maji asubuhi na alasiri, maana kisiwa chao si cha joto la mwaka mzima: miezi ya baridi bahari huuma vidole, na joto likianza ndipo wageni humiminika. Alihesabu vivuli, vyoo na ngazi. Alirusha vijiti majini aone mkondo unavipeleka wapi. Akaipanga orodha, namba moja hadi thelathini na moja, akaiandika vizuri, akaipeleka kwa mkurugenzi wa ofisi ya utalii huku kifua kimemjaa kama mtu aliyejifungua mapacha.

Mkurugenzi hakuifungua. Alivuta droo, akatoa karatasi nene inayong'aa, akaiweka juu ya orodha yenyewe.

"Jalada limeshafika," alisema. "Nakala elfu sita. Zuri, si zuri?"

Lilikuwa zuri, hapo hakuna ubishi. Maji ya buluu iliyopauka, mchanga uliopinda kama mundu, mwamba mweusi wenye nundu mbili upande wa kushoto. Mwanamume mmoja alisimama majini hadi vifundoni, amempa mtazamaji mgongo, shati limejaa upepo. Upande wa kulia, penye anga tupu, maandishi makubwa: Fukwe Kumi Bora za Kisiwa Chetu.

"Ni ufukwe gani huu, mzee?"

"Ndiyo namba moja."

"Namba moja yangu haina mwamba."

"Basi badilisha namba moja. Mgeni aone hiki nje, akifungua akute kile ndani? Tutaonekana matapeli."

"Sawa. Uko wapi?"

Mkurugenzi akaitazama picha, akalaza kichwa bega moja, kisha bega la pili. Picha aliikuta kwenye boksi kuukuu la ofisi. Aliyeipiga aliondoka kisiwani zamani na hakuacha anwani.

"Binti, wewe ndiye uliyezunguka," alisema. "Si utaniambia wewe?"

Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa asubuhi mchapaji alizitaka kurasa za ndani, na siku hiyohiyo mkataba wa Kidomo ulikuwa unakwisha. Mkurugenzi akagonga kwa kidole bahasha iliyokuwa pembeni ya simu. Ndani yake, alisema, mna barua ya ajira ya kudumu. Kitabu kikienda, barua itakwenda kwake. Kitabu kikikwama, na yeye atakwama nacho.

Kidomo akaitazama ile bahasha kama mtu anayetazama maji upande wa pili wa uzio. Bila barua hiyo angelazimika kuvuka bahari kutafuta kazi ng'ambo, na nyumbani angebaki shangazi peke yake. Shangazi ndiye aliyemlea, ndiye aliyempa jina hilo la Kidomo kwa sababu alianza kubishana kabla ya kuota meno. Alikuwa fundi cherehani, na siku hizi macho yake hayakuliona tena tundu la sindano. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Kidomo humtungia sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye mto mdogo, za kumtosha hadi jioni. Nani angezitunga akiwa ng'ambo?

Kwa hiyo akameza maneno, jambo ambalo kwake ni gumu kuliko kumeza mfupa, akatoka kwenda kumtafuta dereva.

Dereva wa ofisi alikuwa mtu mnene, mpole, asiye na haraka na dunia. Gari lile aliliendesha miaka kumi na mitano, kiwiko dirishani, na kila aliposimama alivuta kofia usoni akalala. Kidomo alimwonyesha jalada. Dereva akalitazama kwa makini ya mtu anayesoma bei za vitu asivyonunua.

"Pazuri," alisema. "Ndiyo wapi?"

Kati ya fukwe zote, zenye mwamba ni kumi na moja. Walianza na za kaskazini. Kila mahali Kidomo alisimama mchangani ameliinua jalada mbele ya uso, anasogea, anarudi nyuma, anachuchumaa. Penye mwamba wenye nundu moja alijaribu kujishawishi kwamba nundu ya pili imeanguka. Penye mwamba wa kushoto mchanga ulikuwa mweusi. Kwenye ufukwe wa sita, mkodishaji wa miavuli alimtazama hadi akashindwa kuvumilia.

"Dada, unalipungia nini lile jiwe?"

"Namtafuta ndugu yake."

"Ana ndugu?"

"Kushoto, nundu mbili."

"Hapa lipo kulia, tena nundu moja, tangu nizaliwe," mkodishaji alisema kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyeliweka.

Jumatano adhuhuri walifika Ufukwe wa Bomba, unaoitwa hivyo kwa sababu ya bomba kuukuu la maji lililotelekezwa juu ya kilima. Kidomo hakutaka hata kushuka garini. Kwenye orodha yake ulikuwa namba ishirini na tisa. Kwa macho ulikuwa mzuri kupita kiasi, lakini hatua tano tu majini, chini palikatika ghafla kuwa kina kirefu, na vijiti sita alivyovirusha vilikwenda bahari kuu kabla hajahesabu kumi. Mwamba ulikuwepo, na nundu mbili ulikuwa nazo. Ila ulikuwa kulia.

"Ungehamia upande ule," alisema dereva, "tungekuwa tumemaliza."

"Miamba haihami, kaka."

"Ndiyo nasema. Ungehama."

Kidomo alihesabu kimyakimya hadi ishirini. Alipofika kumi na nne dereva alishaanza kukoroma.

Alasiri ile, zikiwa zimebaki siku mbili na ufukwe hakuna, alimwomba dereva ampitishe nyumbani anywe maji kabla hajamtukana mtu. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya shangazi: cherehani dirishani, vitambaa vimerundikwa hadi kiunoni, na kioo kirefu ambamo wateja hujigeuzageuza. Dereva alikaa kizingitini na bilauri yake. Kidomo alijitupa juu ya rundo la vitambaa, akalitupa jalada juu ya meza ya kukatia.

"Shangazi, mimi nitaacha hii kazi kabla kazi haijaniacha mimi."

"Usinikalie kitambaa cha watu," alisema shangazi. Akalichukua jalada, akalisogeza mbali na uso, akalirudisha karibu. Hakutazama bahari, wala mwamba. "Aa. Kiraka changu hiki."

"Kiraka gani?"

"Hiki hapa kiwikoni. Shati la kijani, kiraka cha mistari. Nilimwambia mwenyewe angoje nipate kijani mwenzake, akasema hana muda. Mtu anayelala mchana kutwa, ati hana muda." Akakunja uso. "Lakini wamekikosea. Mimi nilikishona mkono wa kulia. Hapa kiko kushoto."

"Labda umesahau, shangazi."

"Mimi nisahau mkono? Tundu la sindano silioni, kazi yangu naiona. Shati lake lilitoboka kiwiko cha kulia, kwa sababu ndicho anachokianika dirishani mwa gari siku nzima."

Polepole, Kidomo na shangazi wakageuka, wakatazama kizingitini.

"Baba, hebu njoo," shangazi alimwita dereva. "Hili si shati lako?"

Dereva alikuja na bilauri. Akaitazama picha kwa muda.

"Nilikuwa nalo la hivi," alikiri. "Na huyu jamaa anasimama kama mimi."

"Ni wewe," alisema Kidomo.

"Mimi?"

"Siku tatu, kaka. Fukwe kumi na moja. Umeishika hii picha mkononi asubuhi, mchana na jioni. Hukujitambua?"

"Mgongo wangu nimewahi kuuona wapi?" aliuliza dereva, na kwa kweli alikuwa anauliza.

Kidomo aliinuka, akalichukua jalada, akasimama nalo mbele ya kioo kirefu. Ndani ya kioo maandishi yalisomeka kinyumenyume, kiraka kikaruka hadi kiwiko cha kulia, na mwamba wenye nundu mbili ukahama kama dereva alivyouombea. Ufukwe wa Bomba. Namba ishirini na tisa.

"Sasa nakumbuka," dereva alisema nyuma yake. "Yule mpiga picha alitaka mtu asimame, ufukwe usionekane mtupu. Nikasimama. Alipomaliza akaingia kuosha miguu, mara nasikia ananiita. Natazama, maji yamemchukua, kageuka mdogo namna hii. Nilimpata kwa mkanda wa begi."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Alhamisi asubuhi Kidomo alisimama mbele ya meza ya mkurugenzi, dereva nyuma yake mlangoni. Alieleza yote, kuanzia kiraka hadi kioo. Alitarajia mshangao kidogo.

"Ndiyo, iligeuzwa," alisema mkurugenzi. "Mwamba ulikuwa umeziba kulia, maandishi hayana pa kukaa. Nikamwambia mchapaji ageuze."

"Ulijua?"

"Kwani kuna ubaya gani? Nimegeuza picha, sikugeuza bahari."

Kidomo alishika ukingo wa meza, kwa sababu mikono yake ilitaka kushika kitu kingine.

"Haya, tumeupata," mkurugenzi aliendelea kwa furaha. "Bomba, namba moja. Andika tupeleke."

"Mzee, pale hapaogeki. Nilirusha vijiti sita, hakikurudi hata kimoja."

"Binadamu si kijiti."

"Kweli. Kijiti kinaelea."

Mkurugenzi akakohoa. "Weka maneno madogo chini: waoge kwa uangalifu."

"Mgeni anayekuja na watoto na mpira hasomi maneno madogo. Anasoma namba moja."

"Binti." Akaivuta bahasha kutoka pembeni ya simu, akaiweka katikati ya meza, mahali ambapo mtu hawezi kujifanya haioni. "Mimi nina majalada elfu sita. Wewe una hii. Sote wawili tunataka Ijumaa ipite salama, au siyo?"

Bahasha ilikuwa nyeupe, imenyooka, na jina lake halisi limepigwa chapa juu yake. Kidomo aliona sindano kumi na mbili kwenye mto mdogo. Aliona pia mtu asiyemjua, miguu imekatikiwa na mchanga, anamwita mwenzake aliyekwenda kununua soda.

Akafungua mkoba, akatoa ukurasa wa mwisho wa kitabu, ule wenye mstari mmoja chini: Fukwe hizi zimechaguliwa na. Mbele yake palikuwa na nafasi, na alikuwa bado hajaijaza kwa sababu aliiweka kama mtu anavyobakiza nyama ya mwisho sahanini. Akauweka juu ya bahasha.

"Iwe Bomba," alisema. "Lakini hapa sitii jina langu. Weka la kwako, tena kwa mkono wako, ili mtu akiuliza ajue wa kumuuliza."

"Hilo tu?" Mkurugenzi akachukua kalamu. Akaichomoa kifuniko, akaisogeza hadi kwenye nafasi, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Ilikuwa herufi nzuri yenye mkia. Akasita kabla ya kuandika ya pili.

"Mzee," alisema dereva kutoka mlangoni, kofia mkononi. Miaka kumi na mitano, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu ofisini humo bila kuulizwa. "Ule mkanda wa begi ulikatika. Nilimmalizia kwa nywele. Angekuwa na kipara, ndiyo basi."

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na kipara. Akakipapasa polepole kwa mkono usio na kalamu. Feni iliendelea kuzunguka. Mwishowe akaikata ile herufi yenye mkia kwa mstari mmoja, halafu wa pili, akausukuma ukurasa upande wa Kidomo.

"Na majalada nifanye nini? Niyale?"

"Yabaki. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: Ufukwe wa jaladani unatazamwa kutoka barabarani, usiingie majini. Fukwe kumi za kuoga zinaanza ukurasa wa pili. Namba moja ni ya kwangu."

"Unamwita mgeni kwa jalada halafu unamfukuza kwa ukurasa wa kwanza."

"Anayefukuzwa anaondoka na miguu yake."

Mkurugenzi alinung'unika kwa muda mrefu, maneno ambayo mengi yalihusu vijana wenye diploma. Kisha akautia saini ukurasa wa kwanza, ambao Kidomo aliuandika palepale, na bahasha akaitelezesha juu ya meza bila kumtazama.

"Chukua. Na usinishukuru. Nimetangaza nafasi yako mara mbili, hakuna mwingine aliyeomba."

Kidomo hakumshukuru. Alifungua, akasoma kila mstari, akarudia wa tarehe, akaikunja barua katika nne na kuiingiza ndani kabisa ya mkoba. Alikuwa ameshafika mlangoni, dereva amempisha, aliposikia droo ikivutwa.

"Sasa kwa kuwa wewe ni wa kudumu," alisema mkurugenzi, "kuna hiki cha pili. Njia Saba za Kutembea Milimani. Jalada limeshafika."

Lilikuwa zuri: kilele chenye ukungu, njia nyembamba inayopanda, na mtu mmoja amempa mtazamaji mgongo.

"Ni mlima gani huu?" aliuliza Kidomo, ingawa jibu alilijua.

"Wewe ndiye mwenye miguu."

Hakubishana. Alirudi hadi mezani, akatoa kwenye mkoba kioo kidogo cha kujipodolea, akakisimamisha kando ya jalada, na kabla ya kuutazama mlima akaanza na shati la yule mtu.

"Kaka," alimwita dereva bila kuinua macho. "Njoo utazame mgongo."